Mwandikeni Kwanza, Mshangilieni Baadaye

Barua ya wazi kwa kamati inayomwandalia Luteni Kanali wetu hafla ya kustaafu, na kwa kamati nyingine yoyote hapa Nairobi yenye kazi kama hiyo

Wanangu,

Salamu nyingi. Bajeti yenu nimeipitia mstari kwa mstari. Hema tatu, viti 150, spika kubwa, keki ya ghorofa mbili, fulana zenye picha ya Afande. Halafu chini kabisa, baada ya maji ya chupa na vijiti vya meno, mmeandika: “Wasifu wa mgeni wa heshima, tutamalizia Ijumaa jioni.” Hafla yenyewe ni Jumamosi. Barua hii ni ya mstari huo wa mwisho. Mengine nitayagusa pale tu yanapouhusu.

Mkitaka kujua kwa nini naukazania, shukeni mjini siku moja. Pale barabara ya Kenyatta kuna sanamu ya shaba ya watu watatu, iliyosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yako kwa lugha tatu: Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ni maneno mazito, lakini jina la mtu hata mmoja halimo. Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na walichoachiwa jijini ni jina la mtaa wa Kariokor, yaani Carrier Corps ilivyotamkwa na wenyeji. Mkitoka hapo pandeni matatu ya Ngong Road hadi kwenye makaburi ya vita. Karibu kila jiwe lina nambari ya askari, cheo, jina, kikosi na tarehe. Ni jiwe dogo, sifa hakuna, na bado mjukuu akitoka mbali leo ataenda moja kwa moja hadi alipolala babu yake.

Wasifu nyingi zinazosomwa chini ya hema zetu zinafanana na ile sanamu. “Alikuwa mchapakazi, mwadilifu, mzalendo na mnyenyekevu.” Maneno hayo mnaweza kumsomea karani wa benki Jumatatu na mwalimu mkuu Jumanne, na hakuna atakayegundua kuwa karatasi ni ile ile. Angalieni kwa upande mwingine jinsi tarehe zinavyojisemea. Fatuma Ahmed: brigedia mwaka 2015, mwanamke wa kwanza Kenya kufika hapo, meja jenerali mwaka 2018, kamanda wa Jeshi la Anga mwaka 2024. Hapo kuna vyeo viwili, wadhifa mmoja na miaka mitatu tu, na msikilizaji keshakaa wima kwenye kiti.

Kazi basi ni hii. Chukueni daftari la mistari, mchore safu tano: tarehe, cheo, kikosi, mahali, kazi aliyofanya. Kila uhamisho upewe mstari wake. Afisa wa miaka thelathini na ushei hakosi mistari ishirini. Mkiwa na minane kuna pengo, rudini mkatafute. Anzeni na karatasi kabla hamjafika kwenye kumbukumbu za kichwani mwake: cheti cha kamisheni, barua za uhamisho, vyeti vya kozi, pasipoti za zamani zenye mihuri, na migongo ya picha. Nasema migongo makusudi. Studio za zamani ziligonga muhuri nyuma ya picha, na wake wa askari waliandika kwa kalamu jina la kambi na umri wa mtoto. Picha iliyogandia kwenye albamu msiibandue kwa kucha. Pitisheni uzi wa kusafishia meno chini yake, muuvute taratibu kushoto na kulia, kama muuza duka anavyokata mche wa sabuni. Ikikataa, piga picha ukurasa mzima na uiache ilivyo.

Makosa yanayojirudia ni machache na yanajulikana. Kubwa kuliko yote ni kuchanganya siku ya kuingia na siku ya kamisheni. Mtu huingia Lanet, kwenye chuo cha mafunzo ya maafisa, akiwa kadeti, hutoka akiwa Luteni wa Pili baada ya gwaride la kufuzu. Kati ya siku hizo mbili kuna mafunzo mazima. Mkisoma tarehe moja mahali pa nyingine, wenzake wa darasa moja, ambao watakuwa wameketi meza ya mbele, watatazamana kabla sentensi haijaisha. La pili ni cheo cha kukaimu. Kama alikaimu umeja kwa miezi minane kabla ya kuthibitishwa, andikeni yote mawili, kwa sababu barua zake za miezi hiyo zina cheo kimoja na cheti kina tarehe nyingine, na mwaka 2050 mtu atadhani mmoja wenu alikosea. La tatu ni kumpa mtu jina la leo kwa kazi ya jana. Jina la Kenya Defence Forces limekuja na Katiba ya 2010. Kabla ya hapo vyeti vinasema Kenya Armed Forces, na mkuu wao aliitwa Chief of General Staff. Wanahewa nao wana jambo lao: baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 jina la Kenya Air Force liliondolewa, na kwa miaka kadhaa kikosi kikaitwa 82 Air Force. Anayeanza kazi katika miaka hiyo ana cheti kinachosema hivyo. Msikisahihishe.

Kuhusu vyeo, jifunzeni ngazi hii hadi muweze kuisema usingizini: Luteni wa Pili, Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia, Meja Jenerali, Luteni Jenerali, Jenerali. Kenya wanamaji na wanahewa hutumia vyeo hivi hivi, kwa hiyo mshereheshaji aliyetazama sinema nyingi asije akamwita mtu wa Mtongwe, kambi ya wanamaji Mombasa, “Admirali”. Luteni Kanali akiitwa kwa mdomo huwa “Kanali” na hilo ni sawa, lakini kwenye kadi na ubaoni andikeni kamili. Msimpunguzie kuwa “Luteni”. Mmemrudisha nyuma ngazi tatu mbele ya wakwe. Na yupo atakayeuliza mbona Luteni Jenerali yuko juu ya Meja Jenerali ilhali meja yuko juu ya luteni. Zamani huko Ulaya cheo cha Meja Jenerali kiliitwa Sajini Meja Jenerali. Neno “sajini” likadondoka njiani, “meja” likabaki. Akishastaafu, cheo kinabaki na jina, likifuatwa na Mstaafu.

Herufi baada ya jina ndizo zinazowatoa watu jasho. Nishani za taifa zinaongozwa na Sheria ya Nishani za Kitaifa ya 2013 na hutangazwa katika Gazeti rasmi la Serikali, kwa hiyo mwaka wowote mnaoutilia shaka unaweza kuhakikishwa. Mfuatano kutoka juu ni CGH, EGH, MGH (za Moyo wa Dhahabu), kisha CBS, EBS, MBS (za Mkuki Unaowaka), kisha OGW (ya Shujaa Mkuu), halafu DSM (ya Utumishi Bora) na HSC (ya Pongezi za Mkuu wa Nchi). Kubwa ndiyo hutangulia. Baada ya hizo ndipo huja psc na ndc, ambazo ni alama za vyuo vya maafisa na huandikwa kwa herufi ndogo, zikifuatwa na herufi ya nchi aliyosomea. Kadi moja ikiwa na OGW mbele ya MBS, Afande hatasema kitu. Atatabasamu na kuiweka mfukoni. Ndiyo maana ninawaambia mimi.

Sasa misheni. Vijana wengi huweka kila kitu kilichotokea Somalia kwenye gunia moja na kuliita AMISOM, yaani misheni ya Umoja wa Afrika kule. Fungueni gunia. Oktoba 2011 majeshi yetu yalivuka mpaka katika Operesheni Linda Nchi, yakiwa chini ya Kenya yenyewe. Mwaka 2012 yakaingizwa katika AMISOM chini ya Umoja wa Afrika. AMISOM ilikoma mwisho wa Machi 2022, mrithi wake ATMIS ikaanza tarehe 1 Aprili, nayo ikapokewa na AUSSOM Januari 2025. Aliyevuka Oktoba 2011 na aliyekwenda mwaka 2023 wote walikanyaga udongo mmoja, lakini amri zao, karatasi zao na nishani zao ni tofauti. Tarehe 14 Oktoba, ambayo kila mwaka huadhimishwa kama siku ya majeshi, inatokana na ule mwanzo wa 2011.

Msisahau pia kwamba Wakenya walikuwa wakitumwa mbali kabla ya Somalia: Namibia mwaka 1989, Yugoslavia ya zamani miaka ya tisini, Sierra Leone, mpaka wa Ethiopia na Eritrea. Luteni Jenerali Daniel Opande alihudumu Namibia, akaongoza waangalizi wa kijeshi Liberia, kisha akaamuru majeshi ya Umoja wa Mataifa Sierra Leone na Liberia tena. Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo anakumbukwa kwa kazi ya mezani: itifaki ya Machakos ya Julai 2002, na mkataba wa amani ya Sudan uliotiwa saini uwanja wa Nyayo tarehe 9 Januari 2005. Nawataja kwa sababu mmoja wenu ameuliza kwenye kundi la WhatsApp kama miaka minne ya Afande katika ofisi ya vifaa “inafaa kutajwa, maana haina action”. Inafaa, tena sana. Kikosi kikikosa maji siku mbili kule Wajir hakipigani na mtu. Mtu aliyehesabu mafuta, mikate, matairi na magunia ya mchanga, na hesabu ikatoka sawa, ametumikia. Andikeni ofisi ya vifaa, mwandike alisimamia nini hasa.

Ila si kila mnachokijua kiandikwe. Mahali vikosi vilipo leo, idadi ya watu, njia za msafara, aina ya vifaa, nyuso za askari ambao bado wako kazini: hayo yaacheni. Kipimo chepesi ni hiki: kama habari hiyo haijatoka katika taarifa rasmi, muulizeni yeye mwenyewe kwanza. Picha za kambini zikaguliwe moja moja kabla ya kuwekwa kwenye skrini ya hafla, na zinazotumwa mtandaoni ziondolewe alama ya mahali zilipopigwa. Kadi ya mwaliko isiweke ramani ya nyumba yake. Weka ukumbi. Na yule anayependa kurusha moja kwa moja Facebook apewe kazi ya kugawa maji, mikono yote miwili.

Mavazi nayo yana sheria. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa, na kombati za madoa zinazouzwa mitumbani zimo humo humo. Kwa hiyo ile mipango ya kuwavalisha watoto “jeshi ndogo” na mshereheshaji kofia ya kombati ifutwe leo. Afande mwenyewe akishastaafu huvaa suti, na nishani zake kifuani kushoto, ile ya juu zaidi ikiwa upande wa katikati ya kifua, karibu na vifungo. Mchana huvaliwa nishani za ukubwa kamili, zile ndogo ni za mavazi ya jioni. Tarumbeta, gwaride na bendi ya jeshi havikodiwi kama hema. Huombwa kwa barua kupitia kikosi chake, mapema, na mkikataliwa msikodi vijana wa kuiga. Kule ndani wenzake watamuaga kwa desturi zao: chakula cha jioni cha mesi, yaani bwalo la maafisa, na wakuu wengine huketishwa garini, maafisa wakalivuta kwa kamba hadi langoni. Hiyo ni yao. Msiigize kwenye maegesho ya ukumbi na pikapu ya kukodi. Bendera ya taifa nayo si kitambaa cha meza ya keki, wala haiandikwi “Happy Retirement” juu ya ngao.

Baada ya karatasi ndipo mketi naye. Asubuhi, kabla ya saa tano, saa moja kwa kikao, vikao vitatu. Simu iwekwe mezani juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isipokee mtetemo wa vikombe, iwe kwenye hali ya ndege ili isiitwe katikati, na kinasa sauti kijaribiwe dakika moja kwanza. Nakala tatu siku hiyo hiyo: kwenye simu, kwenye kompyuta, na kwenye flashi ya kuhifadhia inayokaa nyumba nyingine. Swali la “tueleze kuhusu maisha yako ya jeshi” litawapa hotuba, na hotuba mnazo tayari. Ulizeni vidogo: Lanet kitanda chako kilikuwa karibu na dirisha au mlango? Mshahara wa kwanza ulinunua nini? Sajini gani alikufundisha kitu ambacho darasani hakikuwepo? Redio ikinyamaza mlikuwa mnafanya nini? Ukiwa mbali, barua kutoka nyumbani ilichukua siku ngapi? Mtu akikumbuka kitanda, hukumbuka aliyelala kitanda cha pili, na hapo mambo hutoka yenyewe.

Swali moja halina ruhusa: “Uliua wangapi?” Lisiulizwe chumbani, lisiulizwe kwa kipaza sauti, lisiulizwe na mjomba aliyekunywa. Na iwapo alikuwa na watu wake katika kambi zetu zilizoshambuliwa Somalia, El Adde tarehe 15 Januari 2016, au Kulbiyow mwaka uliofuata, msianzishe nyinyi. Akianza, nyamazeni mpaka amalize. Mwambieni faragha tu: Afande, kuna majina ungependa yasomwe? Akitoa majina, hakikisheni tahajia na cheo cha kila mmoja, muombe ridhaa ya familia zao, na yasomwe na mtu mwenye sauti tulivu, kinanda kikiwa kimezimwa. Akisema hapana, ni hapana.

Hapo hapo niseme kuhusu fataki. Mmeweka fataki za karatasi na puto 200 za “kupasuliwa pamoja”. Ondoeni. Mtu aliyekaa sehemu ambako mlio wa ghafla una maana moja tu, mwili wake haujui kuwa leo ni sherehe. Utamwona ameshika ukingo wa meza, au macho yamekwenda kwenye paa, wakati watu wanapiga makofi. Jenereta iwe mbali, na mtu wa muziki asijaribu sauti kwa kishindo. Spika zisielekezwe kwenye meza yake, kwa maana masikio ya askari wengi yameharibiwa na milio ya bunduki na injini, nao hawakiri. Mketisheni ukuta ukiwa nyuma yake na mlango ukiwa mbele ya macho yake. Hatawashukuru kwa hilo kwa maneno, lakini atakaa hadi mwisho.

Muulizeni pia anataka hafla ya namna gani. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi aliyefariki katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, alikuwa ameacha neno kwamba azikwe ndani ya saa 72. Akazikwa Siaya tarehe 21. Mtu wa cheo kile angeweza kukaliwa vikao wiki mbili, lakini kwa kuwa alikuwa amesema, hakuna kamati iliyopata nafasi ya kubuni. Kustaafu si msiba, lakini desturi ya kumuuliza mwenyewe ni ile ile. Pengine keki ya ghorofa mbili haitaki kabisa.

Ratiba. Askari ameishi maisha yake yote kwa saa, na nyinyi mnataka kumuaga kwa kuchelewa. Kadi ikisema saa nne, wimbo wa taifa uimbwe saa nne na robo, aliyepo na asiyekuwepo. Wimbo na maombi dakika 10. Wasifu dakika 9. Hayo ni maneno kama 800, yaliyosomwa bila haraka na mtu aliyejizoeza mara tatu kwa sauti. Sajini wake dakika 5, Mama dakika 5 au zaidi akitaka, familia dakika 10, kukabidhi zawadi dakika 5, Afande mwenyewe dakika 15. Hotuba za wanasiasa hazimo katika hesabu hii, na mkiruhusu mmoja mmeruhusu saba. Saa sita kamili pilau iwe mezani: kilo 20 za mchele na kilo 15 za nyama kwa watu 150, na sahani za wageni waliosafiri usiku zitangulie.

Nimesema “sajini wake” na sikuona jina hilo kwenye orodha yenu ya wageni. Mna mabrigedia watatu, mkurugenzi wa benki, na mchungaji kutoka ng'ambo. Luteni wa Pili anapofika kikosini akiwa na nyota moja begani, anakabidhiwa askari kama thelathini, na sajini aliyekuwepo tangu zamani ndiye anayemfanya kuwa afisa. Humsahihisha bila kumwaibisha mbele ya watu, humwonyesha namna ya kukagua miguu ya askari baada ya matembezi marefu, na humnong'oneza nani ana mgonjwa nyumbani. Mtafuteni huyo. Pengine yuko Kitui au Kapsabet, na nauli yake ni ndogo kuliko bei ya lile tao la puto. Mtafuteni na dereva wake, na mtu wa redio. Waketi meza ya pili, si nyuma ya spika. Huyo sajini akishika kipaza sauti kwa dakika tano, mtasikia yasiyo kwenye cheti chochote, na mkumbuke kuyanasa.

Zawadi msinunue saa ya ukutani, anazo nne. Tengenezeni ubao wa utumishi wake kutoka kwenye lile daftari. Karatasi ya A2, yaani milimita 420 kwa 594, nzito, isiyo na asidi ili isiwe ya manjano. Jina na cheo kwa herufi za pointi 60, mistari ya utumishi kwa pointi 24, ili mtu aliyesimama mita moja na nusu asome bila kuinama. Wino uwe wa aina ya pigment, usiochujuka upesi. Ndani ya fremu lazima kuwe na kadibodi ya pembeni inayotenganisha karatasi na kioo. Bila hiyo unyevu wa Julai hapa Nairobi utaigandisha picha kwenye kioo, na kuitoa ni kuichana. Mkiweka na nishani, hiyo iwe fremu ya sanduku yenye kina cha sentimita tatu hivi. Utepe ushonwe kwa uzi kwenye ubao uliovikwa kitambaa. Gundi ni mwiko: hupenya hariri, huacha doa la kahawia, na siku akitaka kuzivaa hazitoki. Wala msizisugue kwa dawa ya shaba mpaka zing'ae kama vijiko. Kila msuguo huondoa maandishi kidogo, na zile zilizopakwa rangi ya dhahabu huishia kuonyesha chuma. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Nishani za Umoja wa Mataifa zina utepe tofauti kwa kila misheni, kwa hiyo anayeshona awe na picha ya mfuatano wake mezani. Nishani hizo hupatikana baada ya siku 90 katika misheni, na aliyerudi misheni ile ile hupewa tarakimu ya kubandika juu ya utepe. Tarakimu hiyo ni ndogo kama punje ya mchele na hupotea kwenye vumbi la fundi. Ihesabuni mnapopeleka na mnaporudisha. Ubao utundikwe ukuta usiopigwa na jua, maana nyekundu ndiyo hufifia kwanza.

Neno moja la pesa, kisha niondoke. Mkupuo wa kustaafu ukiingia benki, harufu yake husambaa kuliko ya pilau. Watakuja wenye ploti za Kitengela, wenye mabasi, wenye kuku. Heshima mnayoweza kumpa kama watoto ni kutokuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo. Kama ni ardhi ya Nairobi, hati ichunguzwe kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, kabla ya chai ya pili na dalali. Na mmoja wenu mwenye subira amsaidie kupanga faili: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, fomu za warithi zilizosainiwa upya. Ndoa za kimila nazo zinatakiwa kusajiliwa tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, na wajane wengi hujua hilo wakiwa tayari dirishani, wamevaa nyeusi.

Nakala ya kwanza ya wasifu isiende kwa Afande. Pelekeeni Mama, Alhamisi, na kalamu nyekundu juu yake. Yeye ndiye aliyefungasha sufuria kila uhamisho, akabadilisha watoto shule katikati ya muhula, na hupima miaka ya jeshi kwa mimba na meno ya watoto. Atakapofika mstari wa Wajir na kukata mwaka mlioandika, msibishane naye.

Mzee wenu,
Lang'ata, Nairobi